Taa ya Breki ya Ogeto

“Breki si mahali pa kupumzishia mguu, wewe!” Onyiego alitupa breki shuu mbili chini, zikaanguka kwa vumbi karibu na gambuti za mpira za Ogeto. “Hebu ona! Nimekuwekea hizi juzi tu. Zimeisha, zimebaki chuma tupu. Unazitumia kuchemshia maziwa ama?”

Vijana wa boda pale steji ya Ikonge wakacheka. Onyiego alikuwa fundi wao, mtu wa mdomo mkubwa na mikono myeusi ya grisi, na akianza kumchambua mtu hakuna aliyetaka kukosa.

“Umeniwekea feki,” Ogeto akasema. “Weka zingine, wacha kelele. Maziwa yangu yako kwa jua.”

“Feki? Onyiego auze feki?” Fundi akasimama wima, spana mkononi. “Jana nilikuwa nyuma yako kutoka Nyamira. Taa yako ya breki iliwaka safari yote. Mteremko, inawaka. Mlima, inawaka. Sijawahi ona mtu anapanda mlima akishika breki. Nikajiuliza, huyu amebeba mayai ama amebeba mama mkwe?”

Kicheko kikapanda tena. Ogeto naye akacheka, lakini chake kilitoka kimekauka.

“Ni swichi imeshika.”

“Swichi nimeijaribu, iko sawa. Kilichoshika ni mguu. Panda pikipiki. Panda, nakuambia! Sasa toa mguu wa kulia kwa breki.”

Ogeto akapanda. Akainua goti juu sana, kama mtu anayevuka matope, na gambuti ikatoka kwa pedali.

“Si huo nimetoa?”

“Umeinua goti. Mimi sikuitisha goti. Weka kisigino pale kwa chuma ya kukanyagia, halafu inua vidole peke yake. Kama mtu anafuata wimbo na mguu.”

Ogeto aliweka kisigino. Akaviambia vidole viinuke. Akaviambia tena. Ndani ya gambuti hakukusonga kitu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu walishahama.

“Anatuchezea huyu,” mmoja akasema nyuma, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Onyiego hakungoja ruhusa. Alishika gambuti kwa kisigino akaivuta yote. Mguu ukatoka, ukaning'inia, vidole vikiangalia chini kama ua la mgomba. Na chini ya goti, mzunguko mzima, kulikuwa na blada, ile mipira ya tyubu kuukuu ambayo watu wa boda hufungia mizigo. Ilikuwa imekazwa mpaka nyama imefura juu yake na chini yake. Kutoka hapo kipande kingine cha mpira kilishuka mbele ya mguu mpaka kwenye vidole, kikijaribu kuvivuta juu.

“Ogeto,” Onyiego akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Umejifunga kama gunia la majani chai. Hii ni nini?”

“Rudisha kiatu changu.”

“Tangu lini mguu uko hivi?”

“Nimesema rudisha kiatu changu!”

Hilo la tangu lini ndilo swali Ogeto hakutaka kuulizwa. Jibu lake lilikuwa limeshasemwa kanisani, mbele ya watu wote, na lilikuwa limesemwa kinyume.

Mambo yalianzia upande wa Nyansiongo, wakati wa mvua kubwa. Kazi ya Ogeto ilikuwa kubeba maziwa. Anayatoa huko kwenye mashamba ya ng'ombe, anayaleta hoteli za Ikonge na Nyamira, mtungi mmoja huku na mwingine huku, na akirudi bila mzigo anabeba watu. Siku hiyo pikipiki ilizama kwenye matope mpaka nusu ya gurudumu. Mtu mwingine angeshusha mitungi kwanza. Ogeto aliona akishusha atachelewa, maziwa yaharibike. Akaingiza bega chini ya keria ya mizigo, akainua vyote pamoja. Pikipiki ikatoka. Na kwenye kiuno chake kitu kikatoka pia. Alikisikia, tak, kama kijiti kilichovunjwa na mtu aliye chumba kingine.

Kuanzia hapo ndio alijua maumivu ni nini. Yalianzia kwenye kalio la kulia, yakateremka nyuma ya paja, yakazunguka upande wa nje wa mguu, yakaishia kwenye kidole gumba, kama waya wa stima uliochunwa. Akikohoa, shoti. Akicheka, shoti. Mkewe Mong'ina alimkanda kwa maji moto mpaka ngozi ikabadilika rangi. Kanisa likamwombea, likafunga na kuomba.

Halafu asubuhi moja aliamka na maumivu hayapo. Hayakupungua pole pole kama homa inavyopungua. Yaliisha mara moja, kama mtu amezima swichi. Ogeto alilia kitandani kwa furaha. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, kwamba Bwana amemponya bila dawa, watu wakajibu amina mpaka mabati yakatetemeka. Mzee wa kanisa, Mzee Ondieki, akamshika mkono akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda.

Kuna kitu hakusema kwenye ule ushuhuda, kwa sababu hata yeye hakukifikiria. Asubuhi ile ile ya maumivu kuisha, akienda kukamua ng'ombe, mguu wake wa kulia ulianza kupiga chini. Pa. Unashuka kabla hajaushusha. Pa, pa, pa, kwenye simiti ya jikoni, kama mtu aliyevaa slipa za baba yake. Akasema ni ganzi, itaisha. Haikuisha. Akaanza kujikwaa kwa kizingiti chake mwenyewe. Akaanza kuvaa gambuti kila siku, kwa sababu gambuti ilishika kifundo na ilimeza ile sauti, na Nyamira hakuna anayemshangaa mtu wa gambuti, mvua ni ya kila siku. Halafu akabuni ile blada.

Kila asubuhi chini ya blanketi, kabla Mong'ina hajaamka, aliviambia vidole viinuke. Kila asubuhi aliogopa zaidi ya jana. Lakini angeenda kumwambia nani? Kusema mguu umekufa ni kusema ushuhuda ulikuwa uongo. Na mbaya zaidi, ni kama kusema Mungu alifanya kazi nusu akaondoka.

Sasa Onyiego alikuwa amesimama mbele yake, gambuti mkononi, hataki kuirudisha.

“Mimi sikuwekei shuu zingine,” akasema. “Na hii pikipiki inabaki hapa kwangu. Unabeba watu, Ogeto. Siku moja utaweka huo mguu chini kwa njia panda ukunjike, umwangushe mama ya mtu mbele ya lori. Ndio utakuja kutuambia ni swichi?”

“Basi unataka nifanye nini?”

“Kuna mama wa fizio Kisii, wa kunyoosha misuli, Tryphosa, huwa namtengenezea pikipiki. Kesho nakupeleka. Mimi naendesha, wewe unakaa nyuma kama mzigo.”

Habari za Ikonge hazihitaji redio. Ogeto alipofika nyumbani, kwa miguu, Mong'ina alikuwa ameshasimama mlangoni, ndoo tupu mkononi.

“Baba Kemuma, vua gambuti.”

“Wacha niingie kwanza.”

“Vua hapo ulipo. Tembea nione.”

Akavua. Akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko. Pa. Pa. Pa. Mong'ina akaweka ndoo chini, akafunika mdomo.

“Nilikuwa nasikia,” akasema. “Asubuhi, kabla hujavaa. Nilifikiri umenikasirikia, unakanyaga kwa nguvu makusudi. Nikawa najiuliza nimekukosea nini.”

Ogeto alikaa kwenye kigoda akaanza kufungua blada, lakini fundo likakataa. Mong'ina akachukua kisu cha mboga akaikata.

Tryphosa alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuja Kisii kwa kazi akabaki. Alimfanya Ogeto alale, aamke, atembee kwa visigino, yaani ajaribu. Cha kushoto kilikubali. Cha kulia kilimwangusha kwenye kitanda. Alimgusa na kipande cha pamba juu ya mguu, karibu na kidole gumba, akamwambia afumbe macho.

“Nimegusa?”

“Bado.”

Alikuwa amegusa mara nyingi. Halafu akaona alama ya blada chini ya goti, nyeusi kama pete.

“Ni nani fundi wa hii?”

“Ni mimi, daktari.”

“Mimi sio daktari, ni mtu wa fizio. Wazo lako ni zuri, omera, ndugu yangu, hata sisi tunavuta mguu juu hivyo hivyo. Lakini mahali umefunga!” Akabonyeza na kidole upande wa nje, chini tu ya goti. “Hapa kuna neva inapita juu ya mfupa, haina nyama ya kuifunika. Ndiyo inayoinua mguu. Shida yako ilianzia juu kwa mgongo, nafikiri, na wewe ukaikaba tena huku chini. Ni kama mpira wa maji umekunjika kwa tangi, halafu mtu anakuja anasimama juu ya ule mwisho mwingine.”

Onyiego, aliyekuwa amekaa kwa benchi pembeni, akasonya. “Nilimwambia.”

“Hukuniambia kitu. Ulinivua kiatu.”

“Lakini daktari,” Ogeto akamgeukia Tryphosa, “maumivu yaliisha kabisa. Kabisa. Si hiyo ni dalili nzuri?”

Tryphosa aliacha alichokuwa anafanya.

“Yaliisha lini?”

“Baada ya ile mvua kubwa.”

“Na mguu ulianza kupiga lini?”

“Siku hiyo hiyo.”

Yule mama akavuta kiti akakaa karibu. Hapo ndipo Ogeto alianza kuogopa sawasawa, kwa sababu mpaka hapo mama huyo alikuwa anafanya kazi amesimama.

“Sikiza, Baba Kemuma. Maumivu yakiisha na nguvu irudi, umepona. Maumivu yakiisha na nguvu iende nayo, neva imechoka kulia, inanyamaza. Hiyo inatuogopesha kuliko mtu anayepiga nduru.”

Akamweleza pole pole, na Ogeto alisikiza kama mtu anayesomewa hukumu. Kwanza picha ya MRI, ione ni nini kinachobana. Wakati huo huo, kifaa cha plastiki cha kuvaa nyuma ya mguu na chini ya unyayo, kiushikilie usianguke, atembee bila kujikwaa. Mazoezi kila siku, kuvuta kisigino, ili mguu usije ukakauka ukiangalia chini. Kuna mashine ndogo ya kushtua misuli kwa stima kidogo ili isilale kabisa. Kuna sindano ya mgongo, lakini hiyo zaidi ni ya kutuliza maumivu, na yeye maumivu hana. Na kama picha itaonyesha kitu kimelalia neva, kuna kufungua mgongo kukiondoa.

“Kufungua mgongo,” Ogeto akarudia.

“Ndio.”

“Kuna mtu kwetu anaitwa Manasseh. Alikuwa fundi wa kujenga. Alifunguliwa mgongo. Sasa anakaa kwa kiti cha magurudumu, anabebwa kuingizwa kanisani.”

“Pole yake. Alienda thieta ya upasuaji akitembea?”

Ogeto akagundua kwamba miaka hiyo yote hakuwa ameuliza.

“Na kama nisipofungua?”

“Wengine hupona kwa mazoezi na kifaa, sikudanganyi. Wengine mguu hubaki hivyo, na mbele huko madaktari wanaweza kuhamisha msuli mwingine uje usaidie kuuinua. Lakini mguu uliokufa hivi, na ganzi juu, hatungoji tu kuangalia.” Akamshika mkono. “Kuna jambo moja ulishike kuliko yote. Siku ukikaa kwa kiti usikisikie, hapo katikati ya mapaja, ama mkojo ukatae kutoka, ama utoke bila wewe kujua, hiyo sio ya kungoja Jumatatu. Hiyo sio ya kulala uone kesho. Unakuja saa hiyo, unasikia? Hiyo ikipita, unaweza usishike tena mkojo wala choo, na mguu ndio utakuwa shida ndogo.”

Picha ilipigwa. Daktari wa upasuaji aliiweka kwa taa, akawaonyesha diski iliyotoka mahali pake ikalalia neva, kitu kidogo cheusi, kidogo kama punje ya mahindi. Ogeto alishangaa kitu kidogo hivyo kinaweza kumzima mtu mzima. Daktari akasema wafungue mapema. Mong'ina akauliza kama mguu utarudi. Unaweza kurudi wote, daktari akasema, unaweza kurudi nusu, unaweza usirudi. Lakini kungoja kunapunguza nafasi.

“Nitafikiria,” Ogeto akasema.

Ukweli ni kwamba hakufikiria. Aliogopa tu. Akifumba macho alimwona Manasseh, miguu yake imepangwa pamoja chini ya blanketi kama vitu vya mtu mwingine. Aliota amelala kifudifudi, mtu anamfungua mgongo kwa spana. Kile kifaa cha plastiki alikileta nyumbani akakijaribu, na kweli mguu ulitulia, akatembea mpaka kwa ng'ombe bila kupiga pa. Lakini hakikuingia kwenye gambuti. Kilitaka kiatu cha kawaida, na kwenye kiatu cha kawaida kingeonekana, na kikionekana ataulizwa. Akakitundika kwa msumari nyuma ya mlango. Kikawa kinamwangalia kila akiingia.

Na juu ya hayo yote, Sabato hiyo Mzee Ondieki alisimama akatangaza kwamba Jumapili ya wiki ijayo kanisa litaenda nyumbani kwa ndugu Ogeto kumshukuru Mungu kwa uponyaji. Kwaya ya akina mama itakuwepo. Kila mtu aje.

“Mwambie,” Mong'ina alimnong'oneza njiani. “Mwambie leo, bado mapema.”

“Mzee ameshatangaza. Mama Kemuma, unataka nimwaibishe mbele ya watu?”

“Na mguu?”

“Baada ya shukrani. Watu wakienda, nitaenda huko kufunguliwa.”

“Unaahidi?”

“Naahidi.”

Mong'ina alimwangalia. Alikuwa ameshaulizia habari za ule upasuaji, akaenda mpaka kwa mke wa Manasseh, na akarudi na jibu ambalo Ogeto hakulipenda: Manasseh alipelekwa hospitali amebebwa na kitanda chake, wiki kadhaa baada ya miguu kukataa. Kisu hakikumkuta akitembea. Ogeto alisikia, akasema haya, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumapili ilifika na jua kali. Hema ikasimama kwenye uwanja, sufuria zikachemka nyuma ya jikoni, harufu ya mbuzi ikajaa mpaka barabarani. Ogeto aliamka akaenda choo. Akasimama, akangoja. Alijua mkojo umejaa, alihisi uzito wake, lakini ulikataa kuanza. Alingoja mpaka miguu ikachoka. Ukatoka kidogo kidogo, kama mfereji wakati wa kiangazi. Akajiambia ni wasiwasi wa wageni.

Onyiego alikuja na pikipiki ya Ogeto mwenyewe, amefunga viti vya kanisa juu ya keria, vimeinuka kama nyumba.

“Nimekuletea mtoto wako,” akasema akishusha viti. “Shuu mpya. Lakini ufunguo nabaki nao, usiniangalie hivyo.”

Aliiacha imesimama katikati ya uwanja, juani, kiti cheusi kikimetameta. Wageni wakaingia, wakakaa, kwaya ikaanza. Mzee Ondieki akasimama akafungua Biblia. Ogeto alikuwa pembeni, karibu na pikipiki. Alikuwa amechoka kusimama, na kwa mazoea, kama mtu anavyorudi kwenye kitanda chake, akapitisha mguu wa kushoto juu akakaa.

Akaweka mkono kwenye kiti nyuma yake. Akauvuta haraka. Kiti kilikuwa moto kama kikaango.

Jasho likaanza kwa shingo. Kama kiti ni moto hivyo, mbona yeye hajaruka? Alijisukuma mbele, akajisukuma nyuma. Mapaja kwa nje yaliungua sawa, suruali ikiwaka joto. Lakini katikati, hapo mtu anapokalia, hakukuwa na moto, hakukuwa na baridi, hakukuwa na kiti. Alikuwa amekaa juu ya hewa. Akajifinya kwa siri, chini ya shati. Akafinya tena, kwa kucha. Ilikuwa kama kufinya nyama ya kununua.

Kwaya iliimba. Yeye alisikia sauti ya Tryphosa tu.

Alishuka, akazunguka nyuma ya jikoni akijishika kwa ukuta, akapiga simu. Tryphosa alishika mara moja.

“Daktari, kiti. Kiti sikisikii.”

“Mkojo?”

“Asubuhi ulikataa. Kidogo ulitoka.”

“Uko wapi?”

“Nyumbani. Kuna wageni, ni shukrani yangu.”

“Umekula?”

“Bado.”

“Usile kitu. Maji pia wacha. Njoo sasa hivi, mimi nampigia daktari wa zamu ajue unakuja. Baba Kemuma, unanisikia? Sasa hivi, sio wakimaliza kuomba.”

Mong'ina alikuwa ameinama juu ya sufuria ya wali, uso wote mvuke. Alipomwona aliweka mwiko chini.

“Tryphosa anasema niende sasa hivi. Naogopa,” Ogeto akasema. Hakuwa amewahi kumwambia hivyo, tangu waoane.

“Hata mimi. Nenda. Nachukua boda nyingine nyuma yako, nikimpata mtu wa kuangalia wali.” Akaingia ndani, akatoka na kile kifaa cha plastiki kutoka kwa msumari, akakiweka kwapani mwa Ogeto kama mtu anampa mwavuli. “Vua hizo gambuti. Wakizivuta hospitali watakuumiza mgongo.”

Akavua. Akabaki pekupeku.

Njia ya kufika kwa Onyiego ilipita katikati ya hema, hakukuwa na nyingine. Mzee Ondieki alikuwa anasema, “…huyu ndugu yetu ambaye madaktari wangemkata, lakini Bwana…” Ogeto akaingia kwenye simiti ya veranda, na mguu ukaanza kusema.

Pa.

Akina mama wa mbele wakageuka.

Pa. Pa.

Mzee akapunguza sauti. Kemuma, binti yake, aliyekuwa amekaa na watoto wa kanisa, akamwangalia mguu, akamwangalia usoni. Manasseh alikuwa mwisho wa safu kwenye kiti chake cha magurudumu. Aliuangalia mguu wa Ogeto muda mrefu kuliko wote, halafu akashika magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma, akampisha njia.

Pa. Pa. Pa. Hema yote ilikuwa inasikia sasa, na hakuna mtu aliyesema amina.

“Ndugu Ogeto,” Mzee Ondieki akaita, Biblia bado imefunguka kwenye kiganja. “Mwenye siku! Unaenda wapi na chakula kinakuja?”

Ogeto akasimama. Alitaka kueleza. Alitaka kusema kuhusu matope ya Nyansiongo, na waya uliozimika, na mkono ulioinuliwa juu kanisani.

“Nina shughuli kidogo Kisii, Mzee,” akasema. “Nyinyi kuleni. Na msinishukurie bado. Niombeeni tu.”

Onyiego, aliyemwona tangu kwa veranda, alikuwa ameshapiga moto. Ogeto akapanda nyuma yake, kifaa cha plastiki kimebanwa kifuani, akaingiza mkono mmoja chini ya paja ajue kweli amekaa.

“Umekaa?” Onyiego akauliza.

“Nafikiri.”

“Shika mimi basi.”

Akatia gia, wakatoka langoni.